Ukurasa wa Bahari

Fomu tuliyopewa ilikuwa imetoka kisiwani. Kisiwa gani, hatukuambiwa. Tuliambiwa tu kwamba ni kidogo, kina watu wachache wanaojuana wote, na kwamba huko fomu hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Wenyeji waliulizwa pombe wanazokunywa, sigara wanazovuta na dawa za kulevya wanazotumia, wakajibu, na majibu yao yakatoa kitabu kizuri chenye jalada la buluu. Mtu fulani mwenye ofisi akaona hakuna haja ya kutunga fomu nyingine. Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, binti wa mkulima wa kahawa kutoka vilima vya juu ya Githongo, niliyeiona bahari mara moja tu katika safari ya shule nikiwa kidato cha tatu, nikapita nyumba kwa nyumba kwenye mteremko wa Mlima Kenya nikiwauliza wakulima wenzangu kama wamewahi kulewa ndani ya mashua.

Mafunzo yalifanyika Makutano, katika ukumbi wa hoteli iliyo juu ya duka la vipuri. Kila mara msimamizi wetu alipofungua kinywa, makanga wa chini walimjibu kwa kuita abiria wa Maua. Alikuwa kijana kutoka Nairobi, mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo sisi sote tulivionea huruma kwa sababu tuliujua udongo wetu. Alitugawia tableti, akatuonya tusizitumie kutazama mpira, kisha akatusomea fomu ukurasa kwa ukurasa. Tulipofika ukurasa wa sita, uliokuwa na maswali manane kuhusu mashua, nyavu, pombe ya mnazi na watu kuanguka majini, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa miongoni mwetu aliinua mkono, akaeleza kwa heshima zote kwamba Meru hakuna bahari.

"Sawa, mwalimu," kijana akajibu. "Kama hakuna bahari, jibu litakuwa hapana. Na hapana pia ni data."

Mwalimu aliketi. Wengine waliliandika jambo hilo kwenye madaftari yao, maana lilisikika kama kitu kitakachoulizwa kwenye mtihani. Kijana akaongeza kwamba fomu haiguswi hata nukta, imeshapimwa na wataalamu, na kwamba tableti yenyewe haitakubali kwenda ukurasa wa saba kabla wa sita haujajibiwa. Miraa, kwa taarifa yako, haikuwa na ukurasa. Katika fomu ya kuuliza Wameru vileo vyao, miraa ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho: "majani mengine ya kutafuna, taja".

Hayo yote ningeyameza na chai yao ya saa nne bila kinyongo, kama si jambo moja alilolisema akimalizia. Alisema kwamba baada ya utafiti, atapelekwa nesi aliyesomea kuwatibu walevi, na nesi huyo atakaa katika zahanati ya sehemu itakayoonekana kwenye fomu kuwa na shida zaidi. Nesi mmoja tu. Atakuwa akipita hata majumbani. Niliacha kuchora maua kwenye daftari langu nikamsikiliza.

Mimi nina kaka. Amenizidi miaka miwili, na mikono yake ya kupogoa kahawa inajulikana ng'ambo zote za mto. Ukiona shamba ambalo miti yake imekaa kama imechanwa kwa kitana, ujue amepita hapo. Lakini kaka hupogoa hadi saa sita mchana, halafu hunywa. Hunywa marwa ikiwepo, hunywa chang'aa, hunywa vile vichupa vidogo vinavyofichwa nyuma ya mifuko ya unga madukani. Msimu wa mavuno uliopita alitoka kwenye kunywa akapitia kiwanda cha kahawa kufupisha njia, akatumbukia katika lile shimo kubwa la maji machafu yanayotoka kwenye mashine za kumenya. Akina mama wawili waliokuwa wamepeleka kahawa walimtoa kwa mti mrefu. Alikaa siku nne akinuka maganda yaliyooza.

Nyumbani tulisema ni mvua. Tulisema njia ile ina utelezi, na kwamba kiwanda kinafaa kuweka ua. Mama alilisema kanisani, mimi nikalisema sokoni, na kufikia Jumapili iliyofuata karibu tulikuwa tumeliamini. Kijiji, ambacho hakiamini chochote, kilimpa jina la Samaki. Tulicheka na sisi, maana ukichekwa ukanuna unachekwa mara mbili.

Mke wake hakucheka. Wifi yangu ni mwanamke wa maneno machache, na mimi ni wa maneno mengi, kwa hiyo tunapatana. Asubuhi moja, kaka akiwa hajaguswa na kitu, mbele ya kikombe cha uji, alimwambia mkewe kwamba yeye hataenda hospitali ya Meru kukaa kwenye benchi na vijana waliokwisha. Lakini mtu wa dawa akija hapa nyumbani, akae kwenye kiti hiki, atamsikiliza. Alilisema mara moja tu. Wifi alilihifadhi neno hilo kama anavyohifadhi maharagwe ya mbegu, hataki hata moja lipikwe.

Niliporudi kutoka Makutano na kumweleza habari za nesi, aliacha kuchambua mboga.

"Atakuja kweli?"

Nikamwambia atakuja, mradi watu waseme ukweli.

"Watu wa hapa?" akauliza, akaendelea na mboga zake.

Basi tukaanza kazi. Nilipangwa pamoja na mwenzangu mmoja, mwanamume wa Mbeere, kutoka Embu, mtu mcheshi ambaye mfuko wake wa shati haukukosa muguka. Aliyatafuna yale majani tangu asubuhi, huku akiwauliza watu kwa uso mkavu kama wanatumia kitu chochote cha kuchangamsha mwili. Nilipomkumbusha mstari wa "majani mengine ya kutafuna", alishangaa. Muguka ni zao, akasema, linauzwa mchana kweupe, na kama kuna kinachoharibu vijana ni miraa ya kwenu. Nami nikamjibu kwamba miraa ni vijiti, fomu imesema majani, kwa hiyo kama kuna mtu aliyetajwa na wale watu wa kisiwani ni yeye. Tulibishana wiki nzima. Kwenye tableti yake miraa iliandikwa kuwa kileo na muguka haikuonekana. Kwenye yangu muguka iliandikwa kuwa kileo na miraa haikuonekana. Sijui aliyejumlisha alifanyaje.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kanisa. Alitukaribisha barazani, kando yake kibunda kilichofungwa kwa jani la mgomba. Nilipomuuliza kuhusu vileo, alichomoa kijiti, akakibandua gome kwa meno, akalisukuma katika shavu lililokuwa tayari limetuna kama jipu, akanijibu kwamba nyumba hii ni ya Mungu. Nikatazama lile shavu. Nikamuuliza, na hiyo je? Akasema hii ni miraa, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mtoto ng'ombe. Nikaandika hapana.

Nyumba ya tatu tulimkuta nyanya mmoja aliyekuwa na kikopo cha mbaki, ile tumbaku ya kunusa. Aliapa kwamba tumbaku haijaingia boma hilo tangu mumewe azikwe. Kisha akatia kidole katika kikopo, akavuta, akapiga chafya tatu zilizowaamsha kuku, akafafanua kwamba hii ni dawa ya macho. Macho yake, kweli, yalikuwa mazima. Aliniona nikitabasamu akanitolea ukali.

Lakini aliyenimaliza ni mama mmoja wa chini karibu na mto. Boma lake lilinuka kachasu tangu barabarani, na mtungi mmoja wa plastiki ulikuwa ukitoa povu mbele yetu bila aibu. Nilimuuliza kama kuna mtu wa nyumba hii anayekunywa pombe. Aliudhika. Hapa hakuna anayekunywa, alisema. Wanaokunywa huja, wanakunywa, wanaenda kwao. Na huko kwao tulikuwa tumeshapita. Wote walikuwa wameapa kwamba hawanywi. Kwa hiyo katika ng'ambo yetu ya mto pombe inapikwa, inauzwa, inakwisha, na hakuna anayeinywa. Labda huingia ardhini, na ndiyo sababu kahawa yetu inasifiwa.

Nilikuwa nikitembea na hasira. Usidhani nilikuwa nacheka tu. Kila "hapana" niliyoiandika nilijua inamsogeza nesi mbali na kile kiti cha kaka. Jioni nilimwambia wifi kwamba watu hawa ni wafichao maradhi, kifo kitawaumbua, na wifi akanitazama tu. Sasa ndipo ninapojua alikuwa anakumbuka nani alitangaza sokoni habari za mvua na utelezi.

Sasa nije kwenye ukurasa wa sita, ambao mimi na mwenzangu tuliuita ukurasa wa bahari. Siku za kwanza tuliuuliza wote, tena kwa bidii. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee mmoja alitaka kujua mashua inaweza kupanda hadi Githongo kwa barabara ya lami au ni lazima ipitie mtoni. Mwingine alisema hajawahi kulewa katika mashua lakini yuko tayari, tumletee. Kicheko ni kitu kizuri, ila hula saa. Na kulikuwa na udhia mwingine: juu ya ukurasa ule kulikuwa na maelezo kwamba maswali haya asiulizwe mwenye nyumba, aulizwe mtu mzima mwingine, na kwa kawaida huyo alikuwa mke. Huko kisiwani, nadhani, waume huwa baharini na wake ndio hujua nani alirudi amelowa. Kwetu wake huwa shambani. Ilibidi mtoto atumwe, mke aitwe, aje akipangusa mikono kwa leso, aukaze uso kwa mambo mazito ya serikali, kisha aulizwe kuhusu nyavu.

Wazo lilikuwa langu. Mwenzangu angependa kulidai, lakini ni langu. Niligundua kwamba tableti hukuruhusu kufungua nyumba zote za siku kabla hujafika, kwa namba zao, na kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa sita, maana kufuli lilikuwa kwenye wa saba tu. Basi kila asubuhi, kwenye kibanda cha chai pale stendi, kabla mandazi hayajaletwa, tulijaza ukurasa wa bahari wa nyumba zote za siku ile. Hapana, hapana, hapana, mara nane, nyumba inayofuata. Vidole vilizoea hata nikawa siangalii. Kuna siku nilijaza zake na zangu huku nikimsimulia mama wa kibanda habari za harusi. Hakuna mke aliyeitwa tena kutoka shambani. Tulikuwa tukimaliza saa nane mchana na msimamizi akatusifu kwenye simu kwa kasi yetu.

Halafu nyumba ya kaka ikatokea kwenye orodha.

Kanuni ilikuwa wazi: hakuna kumhoji jamaa yako. Ilikuwa zamu ya mwenzangu. Jumapili, tukitoka kanisani, wifi alinishika mkono akanivuta kando ya ua wa michongoma. Aliniuliza mtu huyo atauliza nini. Nikamweleza: siku ngapi kwa wiki, vichupa vingapi, madhara gani. Kaka ndiye mwenye nyumba, nikasema, kwa hiyo atajibu yeye.

"Na mimi nitaulizwa?"

"Utaulizwa," nikasema. Na nilisema kweli, kwa maana ndivyo fomu ilivyotaka.

Kisha akasema kwamba akiulizwa atasema yote. Kaka akikasirika na akasirike. Atasema na lile shimo la kiwanda, na kwamba hakukuwa na mvua siku ile, jua lilikuwa linawaka na kila mtu alianika kahawa. Alilisema hilo la jua akinitazama, nami nikamsifu kwa ushujaa wake, nikaenda zangu kula.

Siku ya siku nilibaki upande mwingine wa barabara nikihoji nyumba nyingine. Mwenzangu alinisimulia baadaye, akiwa amefurahi sana. Kaka alimpokea vizuri. Aliulizwa kama anakunywa, akasema kidogo tu, wakati wa sherehe. Sherehe ni ngapi kwa mwezi? Akasema inategemea watu wanaooa. Mwenzangu aliandika. Mke wa nyumba, alisema, ni mama mkarimu ajabu: alikuwa amevaa vizuri kama anayetoka, akampa chai ya maziwa matupu, na akasimama karibu na mlango muda wote, hata alipoambiwa aketi hakuketi. Mwenzangu alipofunga tableti na kushukuru, mama yule aliuliza, "Imeisha?" Akamwambia imeisha. Akauliza tena kama ni yote. Ni yote, mama, asante kwa chai.

Nilimsikiliza nikicheka hilo la watu wanaooa. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Wiki mbili baadaye tuliitwa tena Makutano, ukumbi ule ule, makanga wale wale. Viatu vya msimamizi sasa vilikuwa na rangi ya udongo wetu. Aliwasha mashine, picha ikatokea ukutani, akatupongeza wote kisha akaanza na sisi wa Githongo. Alisema ameshangaa. Katika sehemu zote, yetu ndiyo iliyoonekana safi kuliko zote, pombe kidogo, tumbaku kidogo, majani hayaeleweki. Mwenzangu alinikanyaga mguu kwa furaha. Kisha kijana akasema kinachomshangaza zaidi ni ukurasa wa sita.

"Kwenu hakuna mtu hata mmoja ameanguka kwa maji?" aliuliza. "Hata mmoja?"

Nikamkumbusha, kwa sauti ya mtu mwenye akili, kwamba kwetu hakuna bahari. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimwita msichana mmoja aliyekuwa amefanya kazi upande wa Kangeta, kule kwenye soko la miraa, msichana mwembamba aliyekaa nyuma siku zote na ambaye kwenye mafunzo tulimdhania bubu. Msichana akasimama akaeleza kwamba yeye aliuliza ukurasa wote, katika kila nyumba, kwa sababu aliambiwa auulize. Waume walicheka sana, akasema. Wake hawakucheka. Mmoja alisema mumewe alitumbukia katika bwawa la ng'ombe. Mwingine, kisima. Mwingine, tangi la shule. Wengine, mto, wakivuka kutoka kunywa. Alisema wake wale walikuwa wakimshika mkono asiondoke.

Msimamizi akaupanua ukurasa ule ukutani ili tuone. Swali la saba nilikuwa nimelijibu mara zisizo na idadi, na hata zile siku za kwanza za bidii sikuwa nimelisoma hadi mwisho. Lilisema: Je, kuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuanguka majini kwa sababu ya pombe? Na chini yake, kwa herufi ndogo, bila mabano wala mbwembwe: bahari, ziwa, mto, kisima, au shimo lolote lenye maji.

Kisha akagusa "ndiyo", ili tuone kinachotokea. Ukurasa mwingine ukafunguka. Sikuwahi kuuona ukurasa huo. Hakuna aliyeuona katika sehemu yetu nzima, kwa maana haufunguki kwa hapana. Kule kisiwani, kijana akaeleza, walevi wengi walikuwa wakifa kwa kuzama, kwa hiyo anayeanguka majini huhesabiwa kuwa mgonjwa wa haraka. Kulikuwa na maswali matatu. Nani alimtoa? Je, mliomba msaada kwa mtu yeyote, na ni nani? Na la mwisho: Je, mngependa mhudumu wa afya afike hapa nyumbani? Anayejibu ndiyo katika hilo hangojei utafiti uishe. Nesi alikuwa ameshapita katika nyumba kadhaa za Kangeta, na baada ya matokeo haya, zahanati atakayokaa ni ya huko.

Nilijaribu kukumbuka asubuhi ile ya nyumba ya kaka. Niliikumbuka. Mwenzangu alikuwa ameenda kunawa mikono, na nilichukua tableti yake nikamsaidia. Kidole kilichoandika hapana nane za nyumba ile kilikuwa changu, na kilikuwa na mafuta ya mandazi.

Mwenzangu hakutafuna kitu njia nzima tukirudi.

Chifu wetu alipopata habari kwamba sehemu yake imeongoza kwa usafi, aliita baraza. Alisimama akatuambia kwamba tumewaaibisha wachongezi, kwamba sehemu nyingine zije zijifunze kwetu. Mzee wa kanisa aliomba, shavu likiwa limetuna. Mbuzi wawili walichinjwa. Mbele, kwenye viti, zilipitishwa soda. Nyuma ya ghala kilipitishwa kile kinachopikwa kule mtoni na ambacho hakuna anayekinywa. Kaka alikuwa nyuma ya ghala. Nilimwona akiinua kikombe kwa ajili ya ushindi wetu, amechangamka, watu wakimpigia makofi na kumwita Samaki, na sikwenda kumtoa. Nilijiambia ni sherehe.

Nilikaa siku mbili baada ya baraza kabla ya kwenda kwa wifi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, akifua suruali ya kaka kwenye beseni, maji yakiwa meusi na yananuka. Nilijua harufu ile. Sikuuliza, nikaanza kusema. Nilimweleza yote: kibanda cha chai, ukurasa wa bahari, herufi ndogo, msichana wa Kangeta, nesi. Nilisema sana, kama kawaida yangu, na nilipofika kwenye mandazi nikalia, na yeye akaendelea kufua.

"Nilivaa ile nguo ya kanisa," akasema mwishowe. "Nikasimama hapo mlangoni. Nikafikiri labda nimesimama vibaya, hajaniona."

Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo na hakuona faida ya kunipa. Nikamwambia kwamba bado naweza kufanya kitu. Nitaandika kwa mkono, nitapeleka mwenyewe hadi Makutano, hadi Kangeta kwa huyo nesi, nitamlilia aje siku moja tu akae kwenye kile kiti. Niliingia ndani nikachukua daftari la shule la mtoto wao na kalamu, nikarudi nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamsomea swali la saba kwa kichwa, pamoja na herufi ndogo zake, sikuruka neno.

Aliikamua suruali, akaitundika kambani, akaja akasimama mbele yangu akipangusa mikono kwa leso, kama wale wake wengine wote niliowaacha shambani.

"Ndiyo," akasema. "Mara mbili. Ya pili ni juzi, akitoka kwa ile mbuzi ya chifu. Shimo ni lile lile."

Nikaandika. Nikamuuliza nani alimtoa.

"Mimi."

Nikaandika. Nikamuuliza kama waliomba msaada kwa mtu yeyote, na ni nani.

Wifi aliona kalamu yangu imesimama inamngoja.

"Ndiyo, niliomba," akasema. "Nilikuomba wewe."